Tui la Nazi na Meza ya Upasuaji

Mama mjamzito anapofikishwa Nyamisati, wilayani Kibiti, kwa boti kutoka visiwa vya delta ya Rufiji, uchungu umekwama na mtoto hashuki, maswali ya nesi anayempokea huwa mafupi. Mimba ya ngapi? Chupa imepasuka lini? Amewahi kujifungua kwa upasuaji? Kisha linakuja swali ambalo mama mkwe aliyemsindikiza hulijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshikwa na kosa.

"Amekula nini, mama? Na saa ngapi?"

"Wali wa nazi, mwanangu. Na kamba. Tulimwambia ajitahidi kula, apate nguvu za kusukuma."

Hakuna kosa hapo. Anayekwenda kwenye kazi ngumu hupewa chakula kizuri, na Kibiti chakula kizuri kina tui. Lakini katika jibu lile zimekutana elimu mbili za tiba ambazo kwa kawaida hazikai mkeka mmoja: ile inayochunguza mafuta ya chakula yanavyosafiri tumboni, na ile inayochunguza kwa nini watu hufa wakipasuliwa. Ya kwanza husomwa na watu wa lishe, ya pili na madaktari wa upasuaji na wa usingizi. Mgonjwa wa delta anazibeba zote mbili ndani ya boti moja.

Wapimaji wa huduma za upasuaji duniani wana kipimo chao. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilisema kila mtu anapaswa kuwa ndani ya mwendo wa saa 2 kutoka hospitali iwezayo mambo matatu: kumpasua mama ajifungue, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Tume hiyo ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoimudu. Kwa anayekaa Kibiti mjini, kwenye lami iendayo Dar es Salaam upande mmoja na Lindi upande wa pili, kipimo hicho kinafaa. Kwa mtu wa Msala au Kiongoroni, vijiji vya ndani ya delta, hakishiki. Mto Rufiji unaingia baharini kwa midomo mingi, katikati ya mikoko inayofunika hekta zaidi ya 50,000, na kule umbali unapimwa kwa maji. Yakijaa, boti inakata vijito kwa muda mfupi. Yakipwa, boti inakaa kwenye tope, na aliyemo ndani, awe na uchungu wa kujifungua au ngiri iliyojinyonga, anasubiri. Bamvua na maji mafu hufuata mwezi, na uchungu hauna habari na mwezi.

Ndiyo maana swali la saa ngapi lina uzito. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha uchunguzi wa mimba 44,016 katika hospitali moja ya uzazi ya mji huo. Kati ya wanawake hao, 66 walikuwa kwenye nusu kaputi pale vitu vya tumboni vilipopanda vikaingia mapafuni. Kiswahili kina neno lake, kupaliwa, tunalolitumia mtoto anapokunywa uji kwa pupa. Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa yakaisha. Aliyelazwa na dawa hakohoi. Asidi ya tumbo inaunguza mapafu, na kipande cha chakula kinaweza kuziba njia ya hewa kabisa.

Na hakuna chakula kinacholichelewesha tumbo kama mafuta. Maji hupita haraka, wanga mwepesi hufuata, lakini mafuta yakigusa tu utumbo mwembamba, ukuta wake humwaga homoni zinazolituliza tumbo lisimimine zaidi. Mafuta yakipenya hadi sehemu ya mwisho ya utumbo huo, breki inakazwa tena. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba aliyekula wali wa nazi hashikwi na njaa mapema kama aliyekula wali mkavu. Mabingwa wa usingizi wameliweka jambo hilo hilo kwa tarakimu: mlo mwepesi usubiriwe muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, mlo wenye mafuta mengi au nyama usubiriwe 8 au zaidi. Kwa mwenye uchungu hata hesabu hiyo hulegalega, kwa kuwa uchungu wenyewe na dawa za maumivu hulizuia tumbo zaidi. Mama wa aina hiyo huhesabiwa kuwa ana tumbo lililojaa, awe amekula kamba au hakula. Ndiyo sababu mojawapo ya kupendelea sindano ya ganzi mgongoni: anabaki macho, anajilindia koo lake mwenyewe.

Upande wa pili wa kanuni hii hausemwi sana, nao unawatesa wagonjwa wengi kuliko ule wa kwanza. Mwenye ngiri aliyepangiwa upasuaji wa asubuhi huambiwa asiguse kitu tangu usiku wa manane. Asubuhi inaingia dharura ya mzazi, thieta ni moja, naye anasogezwa hadi alasiri. Amekauka tangu chakula cha jioni, ulimi umeganda, mishipa ya damu imejificha hata dripu haipati pa kuingia. Utafiti wa miaka mingi unamruhusu maji safi hadi saa 2 kabla ya upasuaji. Anaruhusiwa hata chai ya rangi. Chai ya maziwa hapana, kwa kuwa maziwa yana mafuta na protini na huhesabiwa pamoja na mlo mwepesi. Kikombe cha rangi na kikombe cha maziwa vimetofautiana saa 4, na bado wodi nyingi zinavifungia vyote kabati moja.

Sasa tupande mto. Maji ya Kilombero yanayopita Ifakara ndiyo hayo hayo yanayoungana na kuwa Rufiji na kuishia kwenye mikoko ya Kibiti. Ifakara ina hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Wenzake walikuwa Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Orodha yenyewe ina vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Jina lake nani? Tunapasua wapi? Dawa ya kuzuia maambukizi ameipata ndani ya dakika 60 zilizopita? Vitambaa na sindano vimehesabiwa vikatimia? Katikati ya maswali hayo limo moja kuhusu njia ya hewa na hatari ya kupaliwa. Kwa maneno mengine, swali la yule nesi limeandikwa kwenye karatasi ya kimataifa, na mji uliosaidia kulipima umekaa kwenye mto mmoja na wali ule.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliwashtua watu. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja, bila mashine mpya wala dawa mpya! Wizara za afya zikaichangamkia. Lakini utafiti ule ulilinganisha kabla na baada katika hospitali zile zile, na hospitali inayojua kuwa inatazamwa hujirekebisha hata pasipo karatasi. Jimbo la Ontario huko Kanada lilipoiagiza orodha hiyo katika hospitali 101, watafiti wakatangaza mwaka 2014 kwamba vifo havikupungua kwa kiwango cha kuhesabika. Wapo waliosema orodha haifai. Mimi naona Ontario ilipima amri na Ifakara ilipima mazoea, na hayo hayalingani. Karatasi inayotiwa vema na mtu mmoja pembeni wakati daktari ameshaanza kukata haina kazi zaidi ya kujaza faili. Karatasi inayompa nesi wa daraja la chini haki ya kumwambia daktari "subiri, hatujahesabu" imebadilisha adabu ya chumba kizima. Kwetu, ambako mdogo hamkatizi mkubwa na shikamoo hutangulia kila neno, hilo si jambo dogo.

Hapo inafaa kukumbuka ni nani ashikaye kisu wilayani. Kwa miongo kadhaa, tangu mafunzo yao yalipoanza mwaka 1963, sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi nje ya miji mikubwa ya Tanzania imefanywa na madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu wakaongezewa mafunzo. Walipochunguzwa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha kwamba wagonjwa wao walifanya vibaya kuliko wa madaktari wenye shahada. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha vifo asikimbilie kwenye mkono ulioshika kisu.

Atafute wapi? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Afrika nzima, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa 11,422. Waliokufa walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi kabla ya kupasuliwa. Kinachonikaa kichwani ni kwamba asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea baada ya upasuaji, mgonjwa ameshatoka thieta. Upande wa kina mama waliojifungua kwa kisu, walifariki zaidi ya 5 kwa kila 1,000, kiasi kinachokaribia mara 50 ya nchi tajiri. Yaani mauti hayakuwasubiri chini ya taa kubwa. Yaliwasubiri wodini, usiku, nesi mmoja na vitanda visivyohesabika, damu inavuja polepole ndani ya kitenge au homa inapanda hakuna aliyegusa paji la uso. Jaribio la baadaye lililowataka wahudumu wawaangalie kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini halikupunguza vifo. Ukimwambia nesi mmoja aangalie zaidi, hujamwongezea macho.

Vipo vilivyofaulu, na baadhi ni vya bei ya chini mno. Katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, wagonjwa 13,301 wa upasuaji wa tumbo walifuatiliwa, na timu za baadhi ya hospitali zikatakiwa kubadili glavu na vifaa kabla ya kulifunga tumbo. Maambukizi ya kidonda kwao yakawa asilimia 16, kwa wengine 18.9. Jozi mpya za glavu, basi. Tanzania nayo ilizindua mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 hadi 2025, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa timu za vituo zilifundishwa na kufuatwa kazini badala ya kuitwa semina mjini. Somo la Kanda ya Ziwa ni kwamba mwalimu anayesimama thieta pamoja nawe ana faida kuliko bango ukutani.

Nimekaa sana kwenye kisu. Turudi kwenye tui, kwa kuwa hapa ndipo pwani ya Rufiji ina hadithi isiyopatikana kila mahali.

Mwaka 1622 daktari wa Kiitaliano, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa hai na aliyetoka kula muda si mrefu. Juu ya utando wa utumbo akaona nyuzi nyeupe zimetandaa, akadhani ni mishipa ya fahamu. Alipoikata moja, likatoka jimaji jeupe kama maziwa. Angempasua mbwa mwenye njaa asingeona kitu. Aselli alikuwa ameiona barabara ya mafuta. Sukari na protini zikishayeyushwa huingia kwenye damu na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Mafuta mengi ya chakula hayapiti huko. Nyongo huyavunja matone, vimeng'enya vya kongosho huyakatakata, ukuta wa utumbo huyafunga upya katika vifurushi vidogo, na vifurushi hivyo huingia kwenye mishipa ya limfu. Kutoka hapo hupanda kifuani, hadi karibu na shingo upande wa kushoto, ndipo humiminika kwenye damu. Bakuli la wali wa nazi, kabla halijawa nguvu ya mtu, kwanza hugeuka tui mara ya pili, ndani ya mwili.

Na limfu ndiyo nyumba ya mdudu wa pwani. Mbu akimuuma mtu huingiza vijiminyoo ambavyo hukua na kukaa miaka ndani ya mishipa ya limfu, huipanua, huziharibu vali zake. Mguu ukijaa ni matende, korodani ikijaa ni busha. Njia ikiziba au ikipasuka karibu na figo, yale mafuta yaliyokuwa yanapanda kifuani hupotea njia na kushuka na mkojo. Mgonjwa anakojoa maziwa. Ni nadra kuliko busha, lakini aliyeiona haisahau: mkojo ukiwekwa kwenye chupa na kutulia, mafuta huelea juu kama kasimile, na huwa mweupe zaidi baada ya mlo wa mafuta. Hata maji ya busha mara nyingine hutoka meupe, kama tui la mkamuo wa pili. Daktari anayelifungua busha la namna hiyo anaangalia chakula cha jana.

Watu wa pwani wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba madafu huleta busha. Nimelisikia kwa wazee, kwa makondakta, hata kwa msomi mmoja aliyekataa dafu nililomnunulia. Si kweli. Maji ya dafu karibu hayana mafuta, na ugonjwa unaletwa na mbu. Lakini aliyelibuni hakuwa mjinga. Aliona kwamba mabusha yako mengi panapoota minazi na ni haba panapoota migomba ya milimani. Ramani aliichora sawasawa. Kosa lake lilikuwa kuulaumu mnazi kwa sababu ndio unaoonekana, akamsahau mbu anayepigia kelele sikio lake kila usiku. Kinachonivutia ni kwamba baada ya miaka yote hiyo sayansi imekuta kweli upo uhusiano kati ya nazi na limfu iliyoharibika, ila umegeuka: nazi haileti ugonjwa, lakini mafuta yake yanaweza kuzidisha dalili ya mwenye njia iliyokwisha kupasuka.

Kwa mgonjwa wa mkojo mweupe, matibabu ya kwanza huanzia jikoni: punguza mafuta, ili kinachopita kwenye mshipa uliotoboka kiwe kidogo na tundu lipate nafasi ya kujifunga. Yapo mafuta ya aina fulani, yenye minyororo ya wastani, ambayo hupenya kwenda kwenye ini bila kupitia limfu, na hospitali kubwa huyatumia hata kwa waliokatwa utumbo mrefu. Hapa ndipo wauzaji wa mitandaoni wanapoingilia na kusema mafuta ya nazi ndiyo hayo hayo, mepesi, hayana madhara. Tahadhari. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo kwenye vitabu vya kemia huwekwa kundi la minyororo ya wastani lakini ndani ya utumbo sehemu yake kubwa hufuata njia ya limfu kama mafuta mazito. Jina kwenye chupa halibadilishi barabara. Mgonjwa wa delta anayeambiwa aache mafuta ya kukaangia ahamie kwenye tui anaweza kuwa amehamishwa kutoka chumba kimoja cha nyumba inayovuja hadi kingine.

Tiba ya busha lenyewe ni kisu, na ni upasuaji wa kituo cha afya kilichojitayarisha, kwa ganzi tu. Hatari zake zinajulikana: damu kujikusanya, usaha, na busha kurudi. Kambi za upasuaji wa mabusha zimewaondolea maelfu ya wanaume wa pwani mzigo wa aibu, na mimi nazisifu. Hata hivyo kambi ina kasoro ya kuzaliwa nayo: wapasuaji wanaondoka kabla nyuzi hazijatolewa. Mvuvi akirudi majini kidonda hakijafunga, nani atajua? Bila daftari la kuwafuata waliopasuliwa hadi nyumbani, tunahesabu mabusha yaliyotolewa na si watu waliopona.

Kingatiba ya matende na busha ilianza kutolewa Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta, mwaka 2000, na kutoka hapo mpango wa taifa ukaenea. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Rufiji baada ya watu kumeza dawa kwa awamu 12, ulikuta maambukizi bado yapo. Mbu wa pwani ana maji ya kutosha ya kuzalia. Na dawa huua vijiminyoo vilivyo kwenye damu. Mshipa wa limfu uliokwisha kuharibika haiutengenezi. Hata kama maambukizi yangekoma leo, thieta za Kibiti zingekuwa na kazi ya mabusha kwa miaka mingi.

Eneo hili si geni kwa watafiti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa ndani yake, ilikuwa na wahesabuji wanaopita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipotokea kifo walikaa na wafiwa na kuuliza dalili moja moja. Mpango wa afya ulioitwa TEHIP ulitumia hesabu hizo kuwaonyesha viongozi wa wilaya kwamba fedha haziendi kwenye magonjwa yanayoua, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Mahojiano yale yalijibu vizuri kuhusu malaria na nimonia. Kwenye tumbo yalikuwa na wakati mgumu. Mfiwa atakwambia marehemu tumbo lilijaa, akatapika, akafa siku ya tatu. Utumbo uliojinyonga? Kidole tumbo kilichopasuka? Taifodi iliyotoboa? Bila kisu hakuna anayejua, na waliofika kwenye kisu si hao walioandikwa nyumbani.

Taifodi inastahili sentensi zake, hasa baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoyafunika mashamba na vyoo vya Rufiji na Kibiti pamoja. Ikitoboa utumbo, aghalabu hutoboa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Huko hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa 104 wa namna hiyo waliripotiwa mwaka 2012. Zaidi ya mmoja kati ya watano alifariki, na wengi walikuwa wamechelewa kufika. Anayepona baada ya kukatwa kipande kirefu hapo amepoteza mahali ambapo nyongo hurudishwa mwilini kutumika tena. Nyongo ikipungua, mafuta hayasagiki, choo kinakuwa cha kuteleza na harufu, na vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta zinapotea, ile ya kugandisha damu ikiwamo. Mtu huyo akipewa supu ya kuku iliyojaa mafuta ili apate nguvu upesi, ataharisha nguvu zake.

Limebaki swali jipya zaidi, na ambalo halijakomaa. Je, mafuta anayokula mtu kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa yanaathiri kidonda chake? Huko Chicago, maabara ya daktari wa upasuaji John Alverdy iliwalisha panya chakula cha mafuta mengi na makapi machache, ikawapa dawa za kuua bakteria, ikawashindisha njaa, ikawapasua kwa usafi wote. Wengi wakafa kwa sumu ya damu iliyotokana na bakteria wa matumbo yao wenyewe, waliokuwa sugu kwa dawa. Panya waliokula chakula cha kawaida wakapita salama. Hiyo ilikuwa 2019. Mwaka uliofuata maabara hiyo ikaonyesha kwamba kuwabadilishia panya chakula muda mfupi kabla ya upasuaji, mafuta kidogo na makapi mengi, kunasaidia mshono wa utumbo kushika.

Karibu zaidi na kwetu, watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2025 jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe ndani ya mwili zikapanda na kinga ikalegea. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili wakapata kinyume chake. Hakuna aliyepasuliwa kati yao, na panya si Mndengereko wa Rufiji. Anayeunganisha mambo hayo mawili anafanya dhana, hana ushahidi bado. Ila dhana ina mashiko, na Kibiti ni mahali pazuri pa kuijaribu, kwa kuwa vyakula viwili vinaishi pale mita chache kutoka kila kimoja. Kwenye stendi, karai la chipsi linatumia mafuta ya mawese yaliyotoka mbali, yamechemka tangu asubuhi hadi yamekuwa rangi ya kahawa. Nyuma ya stendi, mama anakuna nazi ya kutia kwenye kisamvu. Yote ni mafuta, tena nazi ina mafuta magumu kuliko mawese. Lakini la mama limeingia na majani, na kunde, na samaki. Panya wa Chicago hawakunyimwa kisamvu kwa bahati mbaya. Makapi yaliondolewa makusudi pamoja na kuongezwa mafuta. Anayesoma tafiti hizi na kuhitimisha kwamba tui ni sumu ameruka nusu ya sahani.

Kwa sasa swali la chakula baada ya upasuaji linaamuliwa na mtu asiye kwenye orodha ya vipengele 19. Maji yakijaa tena, mama mkwe atapanda boti ya alfajiri na hotpoti ya ngazi mbili, wali juu na uji chini, iliyofungwa kwa kanga, ameikumbatia mapajani isimwagike. Mkwewe alipasuliwa usiku, mtoto analia vizuri. Wodini nesi atamsogelea, atasema, "Shikamoo mama, hebu tufungue tuone," na mvuke utatoka na harufu ya nazi. Atachota kidogo na kijiko, ataonja, atamuuliza mzazi kama ameshatoa upepo.

"Bado, nesi."

"Basi anza na uji huu wa chini. Huu wali mama ale mwenyewe, ametoka mbali."